Namna ya Kuizuru Miji ya Kale ya Hispania kwa Kulala Ndani ya Majengo Yake

Mtu aliyekulia Mikindani hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba jengo la kale laweza kupokea wageni. Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 juu ya kilima kinachoitazama ghuba lilichakaa kwa miaka mingi, kisha likakarabatiwa na kufanywa hoteli, na yeyote aliyewahi kulala humo anajua tofauti iliyopo kati ya kulitazama akiwa njiani na kuamka ndani ya kuta zake nene, upepo wa bahari ukipita dirishani. Hispania imelifanya jambo hilo kuwa kazi ya serikali kwa karibu miaka 100 sasa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasafiri wa Mtwara na Lindi wanaotaka kuizuru miji ya kale ya nchi hiyo na kulala ndani ya majengo yake, na unafuata kanuni moja: chagua kwanza nyumba utakayolala, ndipo uchague mji.

Hoteli zenyewe huitwa parador, neno linalotokana na kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kusimama, kwa kuwa palikuwa mahali ambapo msafiri alisimama akapumzisha wanyama wake. Ya kwanza ilifunguliwa na Mfalme Alfonso XIII mwaka 1928 katika milima ya Gredos, magharibi mwa Madrid, na leo hii zinakaribia 100, zote chini ya kampuni inayomilikiwa na serikali. Nyingi zimo ndani ya ngome, makasri, nyumba za watawa na hospitali za kale. Hesabu yake ni rahisi kueleweka kwetu sisi tunaoishi jirani na magofu: nyumba ya mawe na chokaa huanza kufa siku paa lake linapovuja, na jengo lenye wageni hupata fedha za kuziba paa.

Hapa ndipo wasafiri wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kila parador ni jengo la kale. Zile za Toledo, Segovia, Salamanca na Córdoba ni majengo ya karne ya 20, yaliyowekwa nje ya mji wa kale ili mgeni autazame mji kwa mbali. Si mbaya, na mandhari ya Toledo kutoka kilima cha ng'ambo ya mto Tajo ni ya kukumbukwa, lakini hutakuwa umelala ndani ya historia uliyoifuata. Zilizo ndani ya majengo ya kale ni kama ya Granada, iliyokuwa nyumba ya watawa ndani ya Alhambra, ngome yenye kasri za watawala Waislamu wa kale. Ya Úbeda, kasri la karne ya 16. Ya Cuenca, nyumba nyingine ya watawa inayotazamana na nyumba zinazoning'inia juu ya korongo. Na ya Santiago de Compostela, ambayo ilianzishwa mwaka 1499 kwa amri ya Malkia Isabella na mumewe Mfalme Ferdinand kuwa hospitali ya mahujaji na ikafanywa hoteli mwaka 1954.

Hata ukishapata jengo la kale, bado liko swali la pili, ambalo mimi nililijifunza kwa hasara. Katika safari yangu ya kwanza nilihifadhi chumba katika hoteli moja ya binafsi iliyojinadi kuwa kasri la kale, nikafika na kukuta kasri ni ukumbi wa mapokezi na mgahawa tu; chumba changu kilikuwa katika jengo jipya la nyuma, dirisha likitazama maegesho ya magari. Kwa hiyo kabla ya kulipa, andika barua pepe fupi na kuuliza kama chumba unachopewa kiko katika sehemu ya kale au katika nyongeza, na kama dirisha linatazama ua wa ndani au barabara. Baadhi ya parador nazo zina vyumba vya aina zote mbili, na bei hutofautiana. Swali hilo halimkeri mtu yeyote, na jibu utakalopata ndilo litakalokuonyesha kama unapaswa kuendelea.

Pale ambapo parador si jengo la kale, tafuta hoteli ndogo za binafsi katika mji wenyewe. Córdoba na Sevilla zina nyumba nyingi za zamani zilizojengwa kuzunguka ua wa ndani wenye chemchemi na miti ya michungwa, na baadhi yake sasa zinapokea wageni. Aliyewahi kutembea katika magofu ya Songo Mnara, ambako nyumba zilikuwa na ua wa ndani wenye ngazi za kushukia, ataielewa mara moja akili ya wajenzi hao: ukuta unaotazama barabara ni mkavu na wa faragha, na uzuri wote umeelekezwa ndani, kwenye kivuli.

Sasa kuhusu idadi ya miji. Nakushauri kwa moyo wote usizidishe mitano, mbali na ule unaoshukia ndege. Safari ile ya kwanza niliweka miji saba katika siku 10, na nilichokumbuka zaidi baadaye ni vituo vya treni. Nyumba ya kale inahitaji usiku mbili kwa uchache, kwa sababu siku ya kufika umechoka na siku ya kuondoka unafunga mizigo, na ile ya katikati ndiyo yako. Njia ninayoipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza ni hii: usiku mmoja Madrid wa kupumzika baada ya ndege, kisha Toledo usiku mbili, Carmona mbili, Córdoba mbili, Úbeda mbili na Granada tatu. Jumla ni usiku 12. Njia ya magharibi, yenye Ávila, Salamanca, Cáceres na Mérida, ni nzuri vilevile na ina wageni wachache zaidi, lakini kwa mtu wa pwani yetu njia ya kusini ina mambo mengi anayoyatambua bila kuelezwa.

Wakati mzuri wa kwenda ni Aprili na Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto la Sevilla na Córdoba hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na ni joto kavu linalochoma, lisilofanana na la Mtwara hata kidogo. Epuka pia wiki inayotangulia Pasaka, isipokuwa kama unakwenda kwa ajili ya maandamano yake ya kidini, kwa kuwa vyumba hujaa na bei hupanda sana. Kwa wakulima na wafanyabiashara wa korosho kalenda hii inakaa vizuri: malipo ya minada huja kati ya Oktoba na Januari, maombi ya viza yanafanyika Januari au Februari, na safari inaangukia Aprili au Mei. Vyumba vingi vya parador hupatikana kwa euro 100 hadi 200 kwa usiku, na Granada ni ghali zaidi ya hapo. Katikati ya wiki bei hushuka, na wenye umri wa miaka 55 na zaidi wana punguzo lao, ambalo wazee wetu hawalijui na hivyo hawaliulizi.

Viza unayohitaji ni ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ubalozi wa Hispania uko Dar es Salaam, na ni lazima ufike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole ikiwa hujawahi kuchukuliwa katika miezi 59 iliyopita. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari ni lazima ifike euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Mimi nasema usisubiri chini ya miezi miwili. Ambatanisha taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na ushahidi wa malazi ya kila usiku bila kuacha pengo. Kwa mkulima ambaye fedha zake huingia kwa msimu, taarifa ya benki ya miezi mitatu pekee yaweza kuonyesha akaunti iliyolala, hivyo weka ya mwaka mzima pamoja na stakabadhi za chama cha msingi, na barua fupi inayoeleza jinsi mapato ya korosho yanavyoingia. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe mapema. Katika hatua hii chagua hoteli zinazoruhusu kufuta nafasi bila malipo, na tiketi za treni zisinunuliwe kabla viza haijatoka.

Kutoka Kusini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara ukitokea Mtwara mjini. Anayesafiri wakati wa masika afike Dar siku mbili kabla ya ndege. Waliokwama Mei 2024 barabara ilipokatika maeneo ya Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya hawahitaji kushawishiwa. Hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Madrid, bali utaunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Beba adapta ya pini mbili za mviringo, kwa sababu plagi zetu za pini tatu haziingii huko, na beba begi unaloweza kuliinua kwa mkono, maana mitaa ya miji ya kale imetandikwa mawe na magurudumu hayafui dafu.

Ndani ya Hispania treni ndiyo njia ya kutegemea. Madrid hadi Toledo ni kama nusu saa, Madrid hadi Córdoba ni chini ya saa mbili, na Córdoba hadi Sevilla ni kama dakika 45. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kuingia kwenye treni za mwendo kasi, kwa hiyo fika nusu saa mapema. Carmona haina treni. Panda basi kutoka Sevilla, umbali wa kilomita 30 hivi. Úbeda nayo hufikiwa kwa basi.

Toledo inafaa kuwa ya kwanza kwa sababu inakufundisha kutazama. Mto Tajo umeuzunguka mji pande tatu, na ndani yake kuna msikiti mdogo uliojengwa mwaka 999 ambao baadaye ulifanywa kanisa, sinagogi lenye matao ya umbo la kwato la farasi ambalo nalo lilifanywa kanisa, na kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1226. Wageni wa siku moja hufika kutoka Madrid asubuhi na kuondoka jioni. Anayelala humo anaupata mji baada yao, mitaa ikiwa na giza na milango ikifungwa mmoja mmoja, na hiyo ndiyo faida yote ya kulipia chumba badala ya kurudi Madrid.

Carmona nimeiweka kwa ajili ya parador yake, iliyo ndani ya kuta za ngome ambayo Mfalme Pedro wa Kwanza, aliyetawala kati ya 1350 na 1369, aliifanya kasri lake. Vyumba vyenyewe ni vya karne ya 20, nalisema wazi, lakini vimejengwa ndani ya ngome juu ya genge refu, na chini yako tambarare inaenea hadi jicho linapochoka. Kutoka hapo nenda Sevilla kwa siku moja kutazama Alcázar, kasri la kifalme, ambayo Pedro huyohuyo aliijenga kwa mafundi waliochonga maandishi ya Kiarabu ukutani kwa ajili ya mfalme Mkristo.

Córdoba iende asubuhi, mlango wa Mezquita unapofunguliwa. Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Mwislamu wa Córdoba, aliuanza msikiti huo mwaka 785, waliomfuata wakaupanua, na leo una takribani nguzo 850 zenye matao mekundu na meupe. Mji ulitekwa na Wakristo mwaka 1236 na msikiti ukafanywa kanisa, na kuanzia mwaka 1523 kanisa kubwa likajengwa katikati ya nguzo hizo. Msafiri Mwislamu ajue mapema kwamba kuswali ndani hakuruhusiwi na walinzi hulisimamia jambo hilo. Ni afadhali kulijua ukiwa nyumbani kuliko kulisikia ukiwa umesimama mbele ya mihrabu ile ya dhahabu.

Kuhusu chakula, wengi wetu Kusini hatuli nguruwe, na Hispania humtia nguruwe mahali usipomtarajia. Jifunze maneno manne: cerdo ni nguruwe, jamón ni paja lake lililokaushwa, tocino ni mafuta ya nyama yake, na manteca ni mafuta yake yanayotiwa kwenye vitumbua na biskuti. Siagi ya kawaida huitwa mantequilla, na majina hayo mawili yasikuchanganye. Supu ya dengu na maharage mara nyingi hupikwa na kipande cha nyama hiyo hata kama hakionekani. Samaki wapo tele, na kwa mtu wa pwani hilo ni faraja. Chakula cha mchana huanza saa nane na cha usiku saa tatu, kwa saa zetu za Kiswahili: wanaposema 14:00 ni saa nane mchana, wanaposema 21:00 ni saa tatu usiku. Mchana wa siku za kazi uliza mlo uitwao menú del día, wenye sahani mbili, mkate na tunda au kitu kitamu kwa bei moja. Kisha usiku kula kidogo.

Úbeda watu huipita, nami nasikitika kila ninapoona hivyo. Parador yake imo katika kasri la karne ya 16 lililokuwa la Dekani Ortega, na ilifunguliwa mwaka 1930, miongoni mwa za mwanzo kabisa. Ina ua wa ndani wa ghorofa mbili wenye nguzo nyembamba, na ukitoka mlangoni uko kwenye uwanja wa Vázquez de Molina, uliozungukwa na kazi za Andrés de Vandelvira na wajenzi wa wakati wake. Mji huu na jirani yake Baeza uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2003. Hapa usipange ziara yoyote kwa siku nzima ya katikati. Kaa kwenye ua ule asubuhi, tazama jua linavyoshuka kwenye nguzo, nenda Baeza alasiri kwa basi, rudi.

Granada niliiacha mwisho kwa makusudi. Mwaka 1331 Ibn Batuta alifika Kilwa, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri na ujenzi wake. Karibu mwaka 1350 msafiri huyohuyo alifika Granada, na humo akakutana na kijana msomi Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyeyaandika masimulizi yake yote kama alivyomsimulia. Habari za Kilwa tunazozisoma leo zimepita katika kalamu ya mtu wa Granada. Wakati ule kasri za Alhambra zilikuwa zinajengwa chini ya Yusuf wa Kwanza, na ukiingia katika ua wenye bwawa refu lililotulia kama kioo utamkumbuka mtawala wa Kilwa aliyejijengea Husuni Kubwa na bwawa lake la pembe nane juu ya mwamba wa bahari.

Parador ya Granada iko ndani ya eneo la Alhambra lenyewe, mahali palipokuwa kasri la Waislamu kabla ya kufanywa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko baada ya mji kutekwa mwaka 1492. Isabella, aliyefariki mwaka 1504, na mumewe Ferdinand, aliyefariki mwaka 1516, walizikwa humo kwanza, hadi walipohamishiwa katika kanisa la kifalme mjini mwaka 1521. Mahali pa kaburi hilo bado panaonekana. Vyumba ni vichache na vinahitaji kuhifadhiwa miezi mingi kabla. Fahamu kwamba kulala humo hakukupi tiketi ya kuingia katika kasri za Wanasri, watawala Waislamu wa mwisho wa Granada. Tiketi hiyo ina jina lako, ina saa maalumu ya kuingia, hukaguliwa pamoja na pasipoti, na huisha mapema, hivyo inunue mara tu viza inapotoka. Kama gharama ya usiku tatu ni kubwa mno, lala usiku mmoja humo na mbili katika nyumba ndogo ya mtaa wa Albaicín, ng'ambo ya bonde, ambako upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 na bustani yake inaitazama Alhambra uso kwa uso. Usiku mmoja huo utumie hivi: fika mchana, pumzika, na wageni wa siku wanapokwisha kuondoka toka utembee kwenye njia na bustani zilizo wazi kuzunguka hoteli, ambako husikii kitu isipokuwa maji yanayopita kwenye mifereji ya mawe.

Kutoka Granada treni ya Madrid huchukua saa tatu na nusu hivi, na kwenye ukaguzi wa pasipoti uwanja wa ndege tenga muda wa kutosha, kwa kuwa tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa kusajili alama za vidole na picha za wageni wanaoingia na kutoka. Ukifika Dar es Salaam na ukarudi Kusini kwa basi, shuka Nangurukuru na uchukue gari hadi Kilwa Masoko, uombe kibali, kisha uvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani wakati Alhambra ingali machoni. Husuni Kubwa iko mashariki mwa magofu makuu, mwendo wa miguu. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukifika kwenye bwawa la pembe nane kaa ukingoni mwake kwa muda.